Nilikula Jibu la Shemeji

Mliokuwa nami wiki iliyopita mwakumbuka mliniacha wapi: juu ya feri ya Kilifi, mkebe wa shemeji yangu mapajani, mdomo wangu umejaa wali wa nazi usiokuwa wangu.

Mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, nawapa kwa ufupi. Naitwa Gona. Nilimaliza kidato cha nne nikapata cheti ambacho mpaka leo kazi yake ni kufunikia mtungi wa maji. Nikafukuzwa kwenye tanuri la mikate, nikafukuzwa kwenye lori la mawe, na kote kosa lilikuwa lile lile: mzaha. Dada yangu Kabibi akanichukua nyumbani kwake Kibarani. Mumewe, Gerishom, mtu wa bara na fundi wa magreda katika karakana ya barabara ng'ambo ya Mnarani, akaniombea kazi kwa Mzee Musembi.

Kazi yenyewe ni kubeba vyakula vya mchana.

Msicheke. Ni kazi yenye serikali yake. Asubuhi mke wa mtu anapika, anapakia kwenye mkebe wa ghorofa: wali chini, mchuzi katikati, kachumbari au tunda juu, kisha anabana kile kishikio cha pembeni, tap. Sisi twapita mtaa kwa mtaa na baiskeli. Thoya, mwenzangu, ndiye wa Kibarani. Tukishakusanya, twakutana penye mashine ya kusaga unga, na hapo mikebe yote yamwagwa chini na kupangwa upya, si kwa nyumba ilikopikiwa, bali kwa mahali itakapoliwa.

Hakuna jina lililoandikwa popote. Kila mkebe una kipande cha leso kwenye mpini. Chekundu ni hospitali, cha samawati ni ofisi za serikali, cha manjano ni sokoni, cheupe ni ng'ambo ya feri, nako ndiko kwangu. Ubavuni kuna alama ya rangi ya mwenyewe: samaki, pete, msalaba. Ya shemeji ni spana. Kabibi aliichora mwenyewe, ikatoka kama uma.

Mchana tukishagawa, twangoja wale, twakusanya matupu, na safari yote yarudi kinyumenyume mpaka kila mkebe ufike mlango uliotoka.

Na Mzee Musembi ana sheria mbili tu. Ya kwanza: mbebaji hafungui. Ya pili: mkebe haurudi umeoshwa.

"Kwa nini usioshwe, mzee?" nilimuuliza siku yangu ya kwanza. "Si ni ustaarabu?"

"Ustaarabu wa nani? Mama wa watu anataka kusoma," akanijibu. "Wewe ukisoma gazeti, unataka lije limeoshwa?"

Kweli wanawake wanasoma. Akiona punje chache zimebaki pembeni, mume ameshiba. Akiona pamekwanguliwa, kesho anaongeza. Pilipili ikiwa imesukumwa kando, amezidisha. Na mkebe ukirudi mzito vile ulivyokwenda, basi kuna kesi nyumbani.

Sasa, kesi ya nyumbani kwetu ilianzia Vitengeni. Kabibi alikwenda kwenye matanga ya shangazi yetu, akakaa siku nyingi kuliko alizoagana na mumewe, bila salamu, bila kutuma mtu. Gerishom akawa anarudi kutoka kazini anakuta paka amelala jikoni. Siku dada aliporudi, shemeji alifunga nguo zake kwenye mkoba akahamia kota za karakana. Hakupiga kelele. Mtu huyo hajui kupiga kelele. Akikasirika hupunguza maneno, na hata siku nzuri hana mengi.

Nikamwambia dada, "Mfuate."

"Simfuati mwanamume anayejua njia ya kwake. Nitampikia. Mkebe utasema."

Mkebe ukasema. Tena siku ile ile ya kwanza. Gerishom alinipokea, akauinua, akanirudishia bila kuufungua.

"Peleka."

"Hujala, shemeji."

"Peleka. Atajua mwenyewe."

Ndipo nikawa juu ya feri. Feri nayo ikazima mtambo katikati ya maji, kama kawaida yake. Wenyewe wanasema daraja laja, wapima ardhi washaonekana, lakini daraja la kupimwa halivushi mtu. Jua utosini, njaa tumboni, na chini ya kidevu changu harufu ya papa wa nazi.

Nilijiambia naona huruma. Nilijiambia dada akiupokea ukiwa mzito atalia. Tumbo langu lilikubaliana na huruma hiyo haraka sana.

Nikafungua. Nikala. Nikabakisha punje chache pembeni.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa twendeni mbele, na mnishike mkono, maana mbele ni kubaya.

*

Kabibi alikuwa amesimama mlangoni kabla Thoya hajaegesha baiskeli. Alinyakua mkebe, akaupima mkononi. Uso wake ulifunguka.

"Gona! Amekula!"

"Amekula, dada."

"Alisemaje?"

Hapa mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nina akili, lakini mdomo wangu haujawahi kuiuliza ruhusa.

"Alilamba vidole mpaka nikaogopa ataumeza mmoja."

Kabibi akacheka. Tangu atoke Vitengeni sikuwa nimemsikia akicheka. Akaimba akiosha mkebe. Jirani yetu Waruguru akachungulia juu ya ua.

"Mama, leo kuna arusi huko?"

"Mume wangu amekula, Waruguru!"

"Kwani alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mkaidi!"

Nililala nimeshiba, na sikulala vizuri.

Kesho yake shemeji aliupokea, akauinua, akaurudisha. "Peleka." Mimi nikapanda feri nikijua kabisa kwamba leo sifungui. Leo naupeleka vile vile na liwe liwalo. Kisha nikafikiri: jana alilamba vidole, leo agome? Dada atauliza kilichotokea katikati. Nitamjibu nini?

Mnaona uongo ulivyo? Ulilala njaa, asubuhi ukataka kulishwa.

Nikala.

Na kwa sababu mkebe ulirudi mtupu, Kabibi akaongeza. Siku iliyofuata alitia samaki wa kupaka. Iliyofuata, biriani, siku ya kazi, kama Idi. Mchana Gerishom ananirudishia, jioni Kabibi ananiuliza, na katikati yao nipo mimi, napanuka.

"Gona," Thoya akaniambia siku moja tukipanga mikebe, "kazi hii yatukondesha sote isipokuwa wewe. Hiyo shati yako ina vifungo au ina misumari?"

"Ni upepo wa ng'ambo, Thoya. Una vitamini."

Wenzetu wakacheka. Mzee Musembi hakucheka. Alikuwa akifunga kitambaa cheupe kwenye mpini, akaniangalia tu, akaendelea kufunga.

Nikajiapiza: kesho namwambia dada. Kesho ikafika na mambo yake.

*

Asubuhi hiyo Kabibi hakumpa Thoya mkebe. Aliniita jikoni, akanitia mkononi mwenyewe. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto aliyeficha kitu.

"Gona, sikiliza. Ghorofa ya juu ni yake peke yake. Mwambie aanzie hapo. Kisha uangalie uso wake, uniletee habari."

"Kuna nini?"

"Wewe ni mbebaji. Mbebaji hafungui."

Maneno hayo yalinipiga kifuani. Nikacheka kidogo ili asione.

Nilivuka. Nikamkuta shemeji amelala chini ya greda, miguu tu ndiyo iko nje, nyundo ikigonga.

"Shemeji, leo uanzie ghorofa ya juu. Dada amesema."

Miguu ikatulia. Halafu sauti ikatoka kule chini. "Amesema kitu kingine?"

"Hapana."

"Hajauliza kitu?"

"Hajauliza."

Kisha nyundo ikaanza tena kugonga chuma, kwa nguvu kuliko kwanza.

"Peleka."

Juu ya feri nilikaa nyuma, pembeni, mahali pangu pa dhambi. Nikafungua ghorofa ya juu.

Ndani mlikuwa na udongo.

Bonge la udongo mwekundu, mkavu, limewekwa katikati ya bati kama kito. Hapakuwa na kachumbari wala tunda. Udongo.

Sisi tuliokulia Vitengeni na Ganda hatuhitaji kuelezwa udongo kwenye chakula cha mume maana yake nini. Nikamwona dada yangu kwa mganga. Nikamwona akiambiwa, "Mtilie huu, atarudi." Ndiyo maana macho yaling'aa! Na huyu mtu wa bara angeuona, angetoka karakana mbio, asikanyage Kibarani maisha yake yote.

Kwa mara ya kwanza katika habari hii nilijiona nafanya jambo jema. Nilitupa lile bonge majini. Likazama bila kelele. Vumbi jekundu likabaki limeshika kwenye bati, nikalisugua kwa kidole, halitoki. Nikachota maji ya bahari, nikaosha ile ghorofa ya juu mpaka ikawa nyeupe.

Nikaosha. Mimi. Mbebaji wa Mzee Musembi.

Kisha nikala wali. Huo sikuuhurumia.

*

Jioni nilifika nimejipanga. Nilishaamua: hata nikiulizwa, sijaona, sijui.

Kabibi alifungua mkebe barazani, palepale. Akatoa ghorofa ya juu, akaigeuza. Akapitisha kidole ndani yake. Akakinusa.

"Imeoshwa."

Nikajishughulisha na kengele ya baiskeli.

"Alifungua ya juu?"

"Alifungua."

"Akafanyaje?"

Mnijue vizuri hapa. Nilifikiri haraka, na kila nifikiripo haraka huharibu. Niliona hivi: ikiwa ni mambo ya mganga, dawa yake ni kumwonyesha dada kwamba mumewe hakuogopa. Akijua amechekwa, ataona haya, ataacha.

"Alicheka," nikasema.

"Alicheka?"

"Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akawaita na mafundi wenzake waje waone."

Kabibi akakaa chini. Hakukaa kwenye mkeka wala kwenye kibago. Alikaa pale pale aliposimama, kwenye sakafu.

"Akacheka," akasema. "Akaosha. Akanirudishia."

"Dada, mambo yale si mazuri. Waganga wale..."

"Mganga gani?"

"Ule udongo."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyeanza kusema. "Uliujuaje ni udongo?"

"Si... si aliwaonyesha wenzake. Nami niliona."

"Udongo ule ni wa kula, Gona. Wauzwa sokoni kwa mafungu, kando ya ndimu. Hujawaona wanawake wakiutafuna? Wanawake wenye mimba?"

Nikaitazama ile ghorofa niliyoiosha.

"Ile mimba ya kwanza," akaendelea, polepole, kama anajiambia mwenyewe, "iliyotoka, wewe ukiwa shule. Kila Jumamosi Gerishom alikuwa akininunulia mwenyewe. Anaona haya kuuliza, mwanamume mzima kati ya wanawake. Ananyoosha kidole tu, wanamfungia kwenye gazeti. Aliniambia, ikishika tena usinitangazie kwa maneno, maneno yalituletea kijicho. Nionyeshe udongo tu, nitajua." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Nimemwonyesha. Akacheka na wenzake."

Sasa nambie wewe unayesoma. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Neno moja tu lilihitajika: *mimi*. Mimi nilitupa, mimi niliosha, mimi nilikula, hakucheka mtu.

"Dada," nikasema.

"Niache, Gona."

"Dada, nataka..."

"Leo usinichekeshe. Tafadhali. Leo usinichekeshe."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikaachwa barazani na mkebe. Nilikuwa na mdomo uliojua kusema kila kitu isipokuwa hicho kimoja.

*

Asubuhi niliamka nimeamua kweli. Nikaenda jikoni. Jiko baridi. Chumbani hakuna mtu, na ule mkoba wake wa safari haupo msumarini.

Kwenye kizingiti palikuwa na kipande cha leso, cheupe, kimefunguliwa kutoka kwenye mpini na kukunjwa vizuri. Mkebe wenyewe sikuuona.

Katika kazi yetu kitambaa kikifunguliwa na mwenye nyumba, maana yake ni moja. Thoya alikiokota, akakiangalia kama mtu aliyeokota pete ya arusi.

"Gona, nyumba hii imetoka kwenye kazi?"

Waruguru alikuwa akifagia. "Kabibi ametoka mapema. Nimemuuliza unaenda wapi, akasema anarudisha vitu vya watu halafu anaenda kwao Vitengeni. Mmemfanya nini? Juzi alikuwa anaimba."

Sikungoja. Nilimwachia Thoya kikapu changu, na matusi yote aliyoropoka nyuma yangu, nikachukua baiskeli mpaka feri.

Mnarani nilimkuta Gerishom nje ya karakana. Hakuwa chini ya greda. Greda lilikuwa juu ya lori, limefungwa minyororo, na shemeji alikuwa akipakia sanduku la vyuma. Mkoba wake wa nguo ulikuwa tayari kwenye kiti.

"Unaenda wapi?"

"Garsen. Barabara imekatika huko. Waliuliza nani ataenda akae, nikanyoosha mkono."

"Ukae mpaka lini?"

"Nitarudi kwa nani?"

Nikamshika shati. "Shemeji, ngoja. Dada hakuupata ule ujumbe wako wa kukataa chakula. Hata mara moja. Nilikuwa nakula mimi."

Alikunja uso. "Unasema?"

"Chakula. Chote. Nilikula kwenye feri. Dada alikuwa anaona mkebe mtupu, anadhani unakula, anafurahi."

Gerishom akaketi kwenye tairi. Akajipangusa mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Unajua kwetu chakula kikirudi, maana yake nini?"

"Kwamba umemkataa."

"Hapana, bwana." Alitikisa kichwa. "Ningemkataa, ningekula nikanyamaza. Chakula kikirudi, mke anatuma mtu aulize, *una nini?* Hiyo tu. Anauliza una nini, mtu anasema yaliyo moyoni, anarudi kwake. Mimi nilikuwa nangoja kuulizwa. Siku ya kwanza, ya pili. Nikasikia harufu ya biriani mkebeni. Nikasema, huyu mwanamke ananicheza. Mimi nakufa hapa, yeye anapika sherehe."

Nilitaka ardhi ya Mnarani ifunguke. Wali ule wote, papa, samaki wa kupaka: nilikuwa nimekula swali la mume na jibu la mke, nikabakisha punje chache pembeni.

"Kuna jingine," nikasema. "Jana. Ghorofa ya juu. Dada alitia udongo. Ule wa kula."

Kitambaa kikasimama mikononi mwake.

"Sema tena."

"Udongo mwekundu. Wa sokoni. Ana mimba, shemeji."

Alisimama. Uso wake ulifanya kitu ambacho sijawahi kukiona, kama dirisha lililofungwa miaka linaposukumwa. Akavuta pumzi. Kisha akaniangalia mimi, mimi Gona, akaniangalia vizuri, na lile dirisha likafungwa.

"Nionyeshe."

"Niliutupa baharini."

"Uliutupa."

"Nilidhani ni uganga."

"Na mkebe?"

"Niliuosha."

"Wewe kijana," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ni wewe uliniambia mkubwa wa kazi ananiita ofisini Jumapili. Nikavaa tai. Nikasimama mbele ya mlango uliofungwa, na Kibarani yote inachungulia. Sikusema kitu. Ni wewe ulimwambia Waruguru nimeshinda bahati nasibu, akaja na mkeka wake kukopa. Sikusema kitu. Lakini juu ya hili, Gona? Juu ya hili pia unafanya mzaha?"

"Sio mzaha! Naapa!"

"Umeapa mara ngapi?"

Dereva akapiga honi. Gerishom akapanda.

Na hapa niwaambie jambo ambalo shemeji hakulijua, maana nilikiri kwake kila kitu isipokuwa hilo. Kula nilikiri. Kutupa nilikiri. Kicheko nilichomtungia sikukiri. Nilikimeza. Niliona inanitosha kuwa mwizi na mjinga. Sikutaka niwe na hilo pia.

*

Lori lilishuka gatini taratibu, mimi nikikimbia ubavuni na baiskeli kama mbwa wa nyumbani. Feri ilikuwa ndiyo inaegesha. Wa miguu wanashuka kwanza, ndipo magari yapande.

Wakashuka wachuuzi na mafungu yao. Akashuka Mzee Musembi mwenyewe, kikapu changu cha mikebe kichwani, shingo imesimama, maana mimi nilikimbia kazi na wali wa watu haungoji.

Na nyuma yake, mkoba begani, mkebe mkononi, akashuka dada yangu.

Sikuwa nimewaza hilo kabisa. *Anarudisha vitu vya watu.* Mkebe ule aliununua Gerishom. Alipitia sokoni kwanza, ndiyo maana nilimtangulia, kisha akaja kumrudishia.

Alimwona juu ya lori. Hakuharakisha. Alitembea mpaka mlangoni, akauinua mkebe. Ulikuwa umesuguliwa kwa majivu, ghorofa zote, unang'aa mpaka unaumiza macho. Hata ile spana iliyotoka kama uma ilikuwa imekwanguliwa.

Mzee Musembi aliuona. Akatua kikapu chini.

"Chukua mali yako," Kabibi akasema.

"Kabibi."

"Chukua. Na ghorofa ya juu nimetia tena. Jana ulicheka na wenzako, mimi sikuwapo kuona. Leo nipo. Cheka."

Akafyatua kile kishikio, tap. Akainua bati la juu. Bonge la udongo mwekundu lilikuwa limekaa katikati, na jua likaliwakia.

Gerishom hakucheka. Aliliangalia bonge lile kama mtu anayeangalia moto wa jikoni katika nyumba aliyodhani imebomoka. Mkono wake mkubwa, mweusi kwa grisi, ulitoka dirishani ukasimama juu ya bati bila kugusa.

"Ni kweli?" akauliza.

"Cheka, nimesema!"

"Nilicheka lini?"

"Jana! Ukaita watu waje waone!"

"Jana sikufungua mkebe, Kabibi. Sijaufungua hata siku moja tangu nitoke nyumbani." Akainama dirishani. "Nani alikwambia nilicheka?"

Taratibu kichwa cha dada yangu kikageuka. Cha Gerishom kikageuka. Cha Mzee Musembi kilikuwa kimeshageuka zamani. Mwenye feri akapiga kelele magari yapande, dereva akapiga honi, wachuuzi wakasimama na mafungu yao.

"Gona," akasema Mzee Musembi. "Jibu."

Lilikuwa ni neno moja tu. Lile lile la jana, *mimi*. Nilikuwa nalo mdomoni, nawaapia. Nikakaza miguu, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo ili nilitoe mbele yao wote.

Kikatoka kicheko.

Sijui kilitoka wapi. Kilikuwa cha hofu, si cha furaha, chembamba, kibaya, na hakikutaka kukoma. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili na bado kikavuja kati ya vidole. Kabibi akalifunika bati lile kwa kiganja, kana kwamba kicheko changu kingelidhuru.

Na mlango wa lori, upande wa shemeji, ukafunguka.